Nani alilipa hesabu ya mioyo?

KAMBOVE – Katika vituo vyetu vya afya, malaria ina nafasi yake katika daftari. Kipindupindu kina nafasi yake. Surua, kifua kikuu, ukimwi, vyote vinaandikwa, vinajumlishwa, na karatasi inapanda hadi Lubumbashi. Lakini binti wa miaka kumi na minane anayefika akihema, miguu imevimba, moyo unapiga bila mpango, anaandikwaje? Mara nyingi ni "damu kidogo", au "moyo" tu, basi. Anarudi nyumbani na hesabu yake inaishia hapo.

Wasomaji kadhaa wamekuwa wakiuliza kwa nini ugonjwa wa milango ya moyo, ule ambao madaktari wanauita ugonjwa wa valvu, hausikiki sana kwetu wakati kila mtaa unamjua mtu aliyekufa nao akiwa kijana. Jibu langu ni la kihistoria. Ugonjwa huonekana pale mtu alipolipa ili uonekane. Tufuate pesa, tuone zilipita wapi.

Kwanza tuelewane juu ya ugonjwa wenyewe, maana unaanzia mbali na moyo. Unaanzia kooni. Mtoto wa shule, wa miaka mitano hadi kumi na mitano hivi, anaumwa koo kwa sababu ya kijidudu kinachoitwa streptokoki. Koo linapona. Wiki mbili au tatu baadaye magoti yanavimba, kesho yake ni viwiko, homa inapanda. Wamama wanasema ni rumatizimu, wengine wanasema mtoto anakua, na wengine, tuseme ukweli, wanaanza kumtafuta jirani aliyemloga. Kumbe mwili uliokuwa unapigana na kijidudu umechanganya adui na rafiki, unashambulia viungo na moyo. Viungo vinapona. Moyo unaweza kubaki na kovu. Ile milango minne inayofunguka na kufunga kila pigo inakuwa minene, inashikamana, au inaacha wazi na damu inarudi nyuma. Koo likirudia, moyo unaumia tena.

Dawa ya kuzuia yote hayo inajulikana tangu mwanzoni mwa miaka ya 1950: sindano ya penisilini ya benzathini, kila wiki tatu au nne, kwa miaka. Mlango ukishaharibika kabisa, inabaki kupasuliwa. Hapo familia yenye uwezo inauza kiwanja na kutafuta tiketi ya India au Afrika Kusini. Isiyo na uwezo inaomba Mungu.

Nani aligundua kwamba penisilini inazuia? Mlipaji wa kwanza alikuwa jeshi. Baada ya vita vya pili vya dunia, askari vijana wa Marekani waliolala kwa mamia katika mabweni ya kambi ya Fort Warren, jimbo la Wyoming, walikuwa wanaumwa koo kila msimu wa baridi, na baadhi yao walipata homa ya rumatizimu. Askari mgonjwa ni hasara kwa jeshi. Basi likafunguliwa maabara hapo hapo kambini, na mwaka wa 1950 watafiti wakatangaza matokeo: waliopewa penisilini mapema karibu hawakupata homa ile, wasiopewa waliipata zaidi. Ulaya na Amerika ya Kaskazini ugonjwa huo ulikuwa umeanza kupungua hata kabla ya dawa, kwa sababu watu waliacha kulala kumi katika chumba kimoja. Penisilini ilimaliza kazi. Na ugonjwa ulipoondoka kwa matajiri, pesa za utafiti ziliondoka nao. Hakuna ubaya wa mtu mmoja hapo. Ndivyo pesa ilivyo, inakaa karibu na mwenye nayo.

Kwetu pia alikuwepo mtu aliyehesabu. Union Minière ilianzishwa 1906, reli ikafika Kambove 1913, na miaka ya mwanzo wafanyakazi walikufa wengi, hasa kwa mapafu. Mwishoni mwa miaka ya 1920 kampuni ikabadilisha siasa yake: badala ya kuleta wanaume kwa miezi michache na kuwarudisha, iliamua wakae na wake na watoto kambini. Hapo ndipo zilipoletwa zahanati za watoto, nyumba za uzazi, posho iliyopimwa kwa kilo. Daktari Léopold Mottoulle, aliyesimamia mambo hayo, aliandika kitabu kizima juu ya siasa hiyo ya kijamii mwaka wa 1946. Wazee wetu waliozaliwa kambini bado wanaisifu hospitali ya kampuni, na wana haki, maana waliozaliwa baadaye hawakuiona. Lakini tukumbuke kampuni ilikuwa inahesabu nini: mikono ya kazi, na watoto ambao kesho wangekuwa mikono ya kazi. Kifua kilihesabiwa kwa sababu mtu mwenye kifua kibovu hashuki mgodini. Mlango wa moyo unaoharibika polepole, na ambao huwapata zaidi wasichana kuliko wavulana, haukuwa jambo la kampuni ya shaba.

Sasa tuvuke Kasumbalesa, maana historia hii ina mpaka ndani yake.

Mwaka wa 1984 Shirika la Afya Duniani, pamoja na chama cha kimataifa cha madaktari wa moyo, lilianzisha mpango wa kwanza mkubwa wa kuzuia homa ya rumatizimu katika nchi zinazoendelea. Pesa zilitoka kwa mfuko wa nchi za Kiarabu za Ghuba unaosaidia mashirika ya Umoja wa Mataifa. Nchi 16 zilichaguliwa. Kwa upande wetu wa Afrika kusini ya Sahara zilikuwemo Mali, Zimbabwe na Zambia. Kati ya 1986 na 1990 wanafunzi zaidi ya milioni 1.4 walipimwa katika nchi hizo 16, waliopatikana na ugonjwa wakaandikwa katika rejista na kupangiwa sindano. Zaire haikuwemo. Watoto wa upande mmoja wa Kasumbalesa waliingia katika hesabu, na wa upande wa pili, wenye lugha zilezile, shaba ileile na koo lilelile, hawakuingia.

Je, tungeingia baadaye? Labda. Lakini angalieni tarehe. Mpango ule ulipokuwa unamaliza awamu yake ya kwanza, mwaka wa 1990, sisi tulikuwa tunafungiwa milango. Usiku wa tarehe 11 Mei mwaka huo wanafunzi walishambuliwa katika kampasi ya Chuo Kikuu cha Lubumbashi, na Ubelgiji ikasimamisha ushirikiano wake na Zaire. Msemo "ushirikiano ulisimama" unasikika kama habari ya mabalozi, lakini katika kitivo cha tiba maana yake ni kwamba wageni waliokuwa wanakuja kufundisha hawaji, mashine iliyoharibika haipati kipuri, na daktari kijana aliyengojea kwenda kusomea moyo Ulaya anabaki. Mwezi wa Septemba mwaka uleule mgodi wa Kamoto uliporomoka. Gécamines, ambayo katikati ya miaka ya 1980 ilikuwa inatoa zaidi ya tani 400,000 za shaba kwa mwaka, ilishuka chini ya 50,000 katika miaka ya 1990. Mlipaji wa zamani alikuwa amefilisika, na walipaji wapya hawakuwa wanakuja nchi iliyoporwa. Anayetaka kujua kwa nini ramani za utafiti zina shimo mahali petu aanzie hapo.

Hata hivyo si kweli kwamba Kongo ilikaa kimya, na hili ninaliandika kwa fahari kidogo. Katika miaka hiyohiyo ya shida, Profesa Benjamin Longo-Mbenza na wenzake walizunguka shule za Kinshasa na kupima watoto. Matokeo yao yalitoka 1998 katika jarida la kimataifa la moyo: karibu watoto 14 katika kila 1,000 walikuwa na ugonjwa huo, na katika mitaa ya msongamano walikuwa wengi kuliko katika mitaa iliyojengwa vizuri. Takwimu hiyo ilikuwa kati ya kubwa zilizojulikana Afrika wakati ule, na iliendelea kutajwa kila mahali watu walipotaka kuonyesha ukubwa wa ugonjwa barani. Kazi ya Wakongo, katika Kongo iliyovunjika. Ila ilikuwa Kinshasa, zaidi ya kilomita 1,500 kutoka hapa.

Mpango wa dunia wa 1984 nao ulikufa mwanzoni mwa miaka ya 2000. Pesa hazikuendelea, ukafungwa. Rejista nyingi zilibaki kabatini.

Kutoka hapo nitazungumza zaidi juu ya mtu mmoja, kwa sababu bila yeye makala hii isingekuwa na sehemu ya pili. Bongani Mayosi alizaliwa 1967 huko Transkei, Afrika Kusini, akawa daktari wa moyo katika hospitali ya Groote Schuur, Cape Town. Hospitali hiyo ilijulikana duniani kwa kupandikiza moyo wa kwanza, mwaka wa 1967 huohuo. Yeye akachagua ugonjwa wa maskini. Oktoba 2005 aliwakutanisha madaktari wa Afrika katika milima ya Drakensberg, wakatoa tamko: ugonjwa huu unazuilika, na tutaanza kwa kuwafahamisha watu, kuhesabu, kusukuma serikali, na kuzuia. Maneno hayo tumeyasikia katika semina nyingi. Tofauti ni kwamba huyu aliendelea siku ya pili.

Shida ilikuwa pesa. Kwa kupima uzito wa jambo: mwaka wa 2007 dunia ilitumia zaidi ya dola bilioni 2.5 kutafiti magonjwa yaliyosahaulika, na homa ya rumatizimu ilipata chini ya milioni 2. Mayosi na wenzake hawakungoja mfadhili mmoja mkubwa. Waliunganisha mafungu: kidogo kutoka mtandao wa Kanada wa majaribio ya tiba, kidogo kutoka Baraza la Utafiti wa Tiba la Afrika Kusini, kidogo kutoka mifuko midogo ya huko kwao na kutoka Wellcome ya Uingereza. Likelemba, tungesema sisi. Na kila hospitali iliyotaka kuingia ilileta kile ilichokuwa nacho: daktari mmoja, muuguzi mmoja, mashine ya ekografia, na uvumilivu wa kujaza fomu ileile kwa kila mgonjwa.

Hivyo ndivyo ilivyozaliwa rejista inayoitwa REMEDY. Kati ya Januari 2010 na Novemba 2012 iliandika wagonjwa 3,343 katika hospitali 25 za nchi 14: kumi na mbili za Afrika, pamoja na India na Yemen. Uganda, Rwanda, Kenya, Zambia, zote majirani zetu au majirani wa majirani, zilikuwemo. Kongo haikuwemo. Matokeo yaliwashtua hata madaktari. Mgonjwa wa kawaida alikuwa na miaka 28. Wawili katika kila watatu walikuwa wanawake. Katika miaka miwili, karibu 17 kati ya kila wagonjwa 100 walikuwa wamekufa, na nusu ya waliokufa walikuwa hawajafika miaka 29. Sindano ile ya penisilini, ya zamani na rahisi, ilikuwa imeandikiwa kama nusu tu ya wagonjwa.

Kwa mtu wa Kambove anayesoma, naomba asimame kidogo kwenye umri huo. Miaka 28 ni mama mwenye watoto wawili au watatu. Moyo wenye mlango uliobana unaweza kuvumilia kupika, kuteka maji, hata kulima kidogo. Mimba ndiyo inayoufichua, kwa sababu damu inaongezeka na mlango haupitishi. Mama anaanza kukohoa usiku, analala amekaa, na nyumba nzima inafikiri ni kifua au ni sumu. Vifo vya namna hiyo kwetu vinaingia katika "alikufa na mimba".

Baada ya REMEDY pesa zilianza kujua njia. Hilo ni jambo la kuelewa: mfadhili hupenda kuweka pesa mahali penye rejista tayari. Wellcome na taasisi za afya za Marekani zilipoanzisha mpango wa kutafiti urithi wa magonjwa kwa Waafrika, kikundi cha Mayosi kikaingia na utafiti wa kujua kwa nini koo lilelile linaharibu moyo wa mtoto mmoja na kumwacha ndugu yake. Nchi nane za Afrika zilishiriki. Zambia ilikuwemo tena. Mahali palipohesabiwa mara ya kwanza ndipo panapohesabiwa mara ya pili.

Gulu, kaskazini ya Uganda, ni mfano ninaoupenda kuliko yote, kwa sababu Gulu haina sifa ya kuwa mji wa sayansi kubwa. Ni eneo lililotoka katika vita vya miaka ishirini. Tangu 2007, utafiti wa Maputo na Kambodia ulipoonyesha kwamba ekografia inaona watoto wagonjwa zaidi ya mara kumi kuliko sikio la daktari (Maputo ni 30 katika 1,000 kwa mashine, wakati kwa kusikiliza walikuwa 2 tu), kulikuwa na swali lisilo na jibu: mtoto ambaye mashine imeona alama ndogo lakini hajisikii chochote, apewe sindano kila mwezi au aachwe? Kumchoma mtoto mzima kwa miaka si jambo dogo. Taasisi ya Moyo ya Uganda, na Daktari Emmy Okello, pamoja na Daktari Andrea Beaton wa Marekani na wenzao wa Australia, wakachukua swali hilo hadi shuleni. Walipima watoto zaidi ya 100,000. Wakapata 818 wa kuingia katika jaribio. Nusu walipata penisilini, nusu walifuatiliwa tu. Baada ya miaka miwili, kwa waliopata sindano ugonjwa uliendelea kwa mtoto mmoja hivi katika kila 100, na kwa wasiopata uliendelea kwa wanane. Mfadhili mkuu alikuwa mfuko wa Marekani wa utafiti wa watoto, Thrasher. Swali lililowasumbua madaktari wa dunia nzima lilijibiwa na watoto wa Gulu.

Pesa za makampuni ya dawa nazo zina hadithi yake, nitaipita haraka. Bayer ya Ujerumani ililipia jaribio kubwa katika nchi 24, kulinganisha dawa yake mpya ya kuzuia damu kuganda na dawa ya zamani ya bei ndogo, kwa wagonjwa wa moyo wa rumatizimu ambao mapigo yao yamevurugika. Matokeo yalitoka 2022: ya zamani ilishinda, waliotumia hiyo walikufa wachache zaidi. Kampuni ililipa kusikia habari ambayo haikuitaka, na habari ikachapishwa hata hivyo. Australia, kwa upande wake, ilitoa dola zake milioni 35 mwaka wa 2019 kutafuta chanjo ya streptokoki, kwa sababu watoto wa wenyeji asili wa nchi hiyo bado wanaumwa sana. Serikali moja, kwa tangazo moja.

Kuna watakaosema: Katanga ni mbali, watafiti hawaji. Hapana, walikuja. Mwaka wa 2009 Profesa Célestin Banza Lubaba Nkulu wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi na wenzake wa Leuven, Ubelgiji, walichapisha vipimo vya kobalti na metali nyingine katika mkojo wa watu wanaoishi karibu na migodi na viwanda vya Katanga. Mwaka wa 2020 timu hiyo ilionyesha uhusiano kati ya kazi ya baba katika mambo ya madini na watoto wanaozaliwa na kasoro Lubumbashi. Dunia nzima ilinukuu, kwa sababu dunia nzima ina kobalti yetu mfukoni mwa suruali, ndani ya simu. Kazi hiyo ilihitaji sana kufanywa na ninaiheshimu. Nasema tu kwamba inathibitisha jambo moja: chuo chetu kinaweza, ushirikiano unawezekana, madaftari yanajazwa na majarida yanapokea. Kilichokosekana kwa milango ya moyo ni mlipaji mwenye sababu.

Karatasi zipo. Mwaka wa 2015 wataalamu waliokutana Addis Ababa waliandika hatua saba za kumaliza ugonjwa huu Afrika, ya kwanza kati yake ikiwa ni kuanzisha rejista, na wakuu wa nchi za Umoja wa Afrika wakazikubali mwaka huohuo. Kongo ni mwanachama. Mei 2018 mkutano mkuu wa afya wa dunia huko Geneva ulipitisha azimio lake. Kongo ni mwanachama huko pia. Mayosi aliliona azimio hilo likipita, na miezi miwili baadaye, Julai 2018, akafariki akiwa na miaka 51.

Mwaka huo wa 2018, mwezi wa Machi, nchi yetu nayo ilitia saini karatasi nyingine, ambayo huko Geneva hawakuizungumzia: kanuni mpya ya madini. Inasema kila kampuni inayochimba itenge angalau asilimia 0.3 ya mauzo yake kwa maendeleo ya jamii zinazoizunguka, na inasema asilimia 15 ya mrabaha iende kwa mamlaka za mahali penyewe, asilimia 25 kwa jimbo. Territoire ya Kambove ina migodi ya kutosha kwa hesabu hiyo kuwa na maana. Pesa hizo zimejenga madarasa, visima, barabara, na kelele juu ya nani amekula nini hazijaisha. Tumeziandika hapa na tutaziandika tena. Lakini mashine ndogo ya ekografia inayobebwa mkononi, kama zile zinazotumika kupima watoto mashuleni, bei yake ni ndogo kuliko ya gari moja la mkuu wa kitengo. Penisilini ni ndogo zaidi. Daftari ni la bei ya sokoni. Mwenye kujaza daftari ndiye atakayetaka mshahara, kila mwezi, kwa miaka, na hiyo ndiyo sehemu ambayo wafadhili wa mbali huchoka nayo mapema.

Vikao vya kupanga miradi ya asilimia 0.3 vinakaa na wawakilishi wa mitaa na vijiji ndani yake. Wana haki ya kuweka jambo hili mezani, na Chuo Kikuu cha Lubumbashi kiko njia moja tu kutoka hapa, kupitia Likasi.